Kigingi cha Katikati

Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, kwanza shule za msingi, baadaye sekondari, na katika miaka yote hiyo sikumbuki semina hata moja ambayo hakusimama mtu kutueleza kwamba watoto wa huku kwetu hawaoni maumbo. Maneno yalibadilika, lawama ilikuwa ile ile. Mwanzoni tuliambiwa watoto hawakariri vya kutosha. Wakaja wa hisabati za kisasa na seti zao, wakasema kukariri ndiyo ugonjwa wenyewe. Baada yao wakaja wa zana za kufundishia, tukakata maboksi mpaka vidole vikaota sugu. Kisha wa mbinu shirikishi, ambao walitupangia viti kwenye duara, tukajadili siku nzima kwa nini mtoto wa Serengeti haelewi duara.

Semina ya mwisho niliyohudhuria ilikuwa Mugumu. Kijana mmoja nadhifu, mpole, alituchorea ngazi ubaoni. Chini kabisa, alisema, mtoto anaona umbo kama kitu anachokijua: dirisha, sahani, mlango. Akipanda kidogo anaanza kuona sifa zake, pande ngapi, kona ngapi. Akipanda tena anaweza kueleza kwa nini umbo liko hivyo na haliwezi kuwa vingine. Ngazi ile sina ugomvi nayo. Nimefundisha muda mrefu na nimeiona kwa macho yangu. Lakini kijana hakuishia hapo. Aliweka chaki chini, akajifuta mikono, akasema, "Watoto wa mazingira kama haya wengi hukwama hapa chini, na si ajabu, kwa sababu wazazi wao hawakuwahi kukanyaga hata hiki kipandio cha kwanza."

Wenzangu waliandika. Mimi nilifunga daftari nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za ukumbi nimeshika kichwa kwa hasira. Mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Mama yangu hakusoma hata siku moja. Alitia dole gumba kwenye kila karatasi aliyoletewa. Na mama yangu, siku moja ya kiangazi katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, alisimama juu ya kipandio cha juu kabisa cha ngazi ya yule kijana, akiwa na kamba ya katani mkononi, mbele ya watu wazima watano, nao wakamcheka. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa wa sita, na nitasema nilichofanya.

Kabla ya kuhamishwa tulikaa upande wa Kenyamonta, kila familia na mji wake, mji kwa mji umbali wa kuitana kwa sauti kubwa. Nyumba zilikuwa za msonge, zimezunguka boma la ng'ombe. Babu, baba yake mama, ndiye aliyekuwa akiitwa kupima mji wa mtu anayehamia mahali papya. Watoto wake wa kiume walishinda na ng'ombe, kwa hiyo mwenye kumshikia kamba alikuwa mama, tangu akiwa na meno ya utoto. Babu alipigilia kigingi kimoja katikati, akafunga kamba, mwisho wa kamba akafunga kijiti, akazunguka akikwaruza ardhi. Hapo nguzo zikasimamishwa. Kigingi hakikung'olewa mpaka paa liishe, maana kila ukuta ulipoonekana kulegea walirudi kwenye kigingi na kupima upya. Mama alikuwa akisema kwamba nyumba ina mwenyewe mmoja tu, naye ni yule wa katikati. Nilipokuwa mdogo nilidhani anamsema baba.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Amri ya kuhamia vijijini ilipokuja, baba zangu wadogo walijikuta wamepangiwa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, nasi tukapelekwa kijiji kipya si mbali na Morotonga. Mama na mimi tu, na mbuzi sita. Kijiji kilikuwa kimepimwa kwa mistari. Mstari wa kwanza ulikuwa kando ya barabara, karibu na shule na kisima. Mstari wa mwisho uliishia kichakani, na msimu wa mtama wanyama kutoka hifadhini walikuwa wanaingia huko wanavyotaka. Mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyemfahamu babu, alimpa mama kiwanja mstari wa kwanza kwa sababu ni mjane na ana mtoto shuleni. Sharti lilikuwa moja: nyumba iwe bora. Kwa lugha ya wakati ule, bora maana yake kona nne, hatua nane mbele, hatua sita ubavuni. Msonge ulikuwa umepigwa marufuku. Katibu kata angepita kukagua, na atakayekutwa anajenga vingine angehamishiwa mstari wa mwisho.

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Mama mmoja, kiwanja kimoja, na umbo ambalo hakuwahi kulijenga maishani mwake.

Shuleni, mimi nilikuwa nalijua hilo umbo. Nilikuwa darasa la saba na nilikuwa wa kwanza, na nisijifanye leo kwamba sikujivunia. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana kutoka mbali, msafi, mkali, suruali yake imepigwa pasi ya mkaa hata Jumapili. Alichora maumbo ubaoni kwa rula, yote yamekaa chini yametulia, hakuna hata moja lililoinama, na chini ya kila umbo aliandika maneno ya kukariri. Tulisimama tukayaimba huku tunapiga miguu: "Mstatili ni umbo lenye pande nne, pande zinazotazamana zinalingana!" Ndivyo tulivyoimba. Habari ya pembe, kwamba zote ziwe pembe mraba, haikuwemo. Ilipotelea wapi sijui. Labda yeye mwenyewe alinakili kutoka ubao mwingine, kwa mwalimu mwingine aliyekuwa na haraka. Darasa zima la saba lilitoka pale likiamini kwamba pande zikilingana kazi imekwisha, na lingeweza kuimba hivyo mpaka Musoma.

Bikari ilikuwa moja shule nzima, nayo ilifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Sisi tulichora duara kwa mwiba wa mgunga na uzi wa katani: unachoma mwiba kwenye karatasi, unafunga uzi, unazungusha penseli. Duara lilitoka safi. Siku moja mwalimu aliyaona, akakusanya miiba yote na kuitupa dirishani. "Mambo ya porini hayo," alisema. "Hisabati ina vyombo vyake." Kisha akatuchorea duara ubaoni kwa mkono, likatoka kama yai. Tukalinakili.

Nilimweleza mama maneno ya mstatili. Aliniuliza, "Na kona je?" Nikamwambia kona zinakuja zenyewe pande zikilingana. Mama akachukua fito nne, mbili ndefu na mbili fupi, akazifunga kwa kamba pembeni, akaziweka mbele yangu. Halafu akazisukuma kidogo kwa kidole cha mguu. Umbo lote likalala upande, pande zake zikiwa zile zile.

"Huyu mstatili wako amelewa," akasema.

Nikakasirika. Nilikuwa na miaka kumi na minne na mama yangu asiyejua kusoma alikuwa ameangusha wimbo wa darasa zima kwa kidole cha mguu. Leo nalipia kodi ya hasira ile.

Jioni ile, nje ya kibanda cha nyasi tulimojihifadhi, nilimkuta amepiga kijiti katikati ya uwanja na amechora duara dogo, la kutosha kukalisha kuku. Alikuwa ameinama anafikiri. Nikamwuliza kwa nini anachora msonge na msonge umekatazwa. Alichukua vijiti viwili akavichomeka juu ya mstari wa duara, akaniambia hizo ni kona mbili za mbele, mlango utakuwa kati yake. Kisha akavuta kamba kutoka kijiti cha kwanza, akaipitisha juu ya kigingi cha katikati, akaendelea nayo moja kwa moja mpaka ikagusa duara upande wa pili. Akachomeka kijiti hapo. Akafanya hivyo hivyo kwa kijiti cha pili. Vikawa vinne. Akaniambia nizungushe kamba nje ya vijiti vyote.

Ulikuwa mstatili. Nilikimbia ndani kuleta daftari, nikaweka pembe ya jalada kwenye kona ya kwanza, ikaingia sawasawa. Nikaweka ya pili, ya tatu, ya nne. Mama akasogeza vile viwili vya mbele karibu karibu, tukavuta kamba tena. Mstatili ukawa mwembamba, kona zikabaki zile zile. Tukavitanua; mnene, kona zile zile. Tulicheza hivyo mpaka giza likaingia.

"Kwa nini inatoka hivi?" nilimwuliza.

Alinijibu kwa lugha yetu, na naandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza: "Kwa sababu wote wanne wako mbali sawa na mwenye nyumba, na wanatazamana wakipitia kwake. Hakuna anayeweza kusogea akamdanganya mwenzake."

Nimesoma maelezo mengi ya jambo hilo tangu siku ile, mengine ya kurasa mbili. Hakuna yaliyonitosha kama hayo ya mama.

Keshokutwa yake, Jumamosi, tulikwenda kiwanjani. Mama alichukua hatua tano za kamba, kama babu alivyozoea kwa nyumba kubwa, akapigilia kigingi, akazunguka na jembe. Duara kubwa, jekundu, la udongo mbichi. Akapima mbele hatua nane za kamba iliyonyooka, ncha zake zote mbili juu ya mstari wa duara, akapiga vigingi viwili vya kona. Tulikuwa ndiyo tunataka kuvuta kamba kupitia katikati tulipowaona wanakuja: katibu kata, mwenyekiti, mwalimu wangu, na mgambo wawili. Walikuwa wamekuja siku mbili kabla ya siku iliyotangazwa.

Katibu kata alikuwa kijana kuliko mama, lakini hakumwamkia. Alisimama nje ya duara.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni nyumba, Ndugu Katibu. Ya kona nne."

"Kona nne ziko wapi? Mimi naona msonge."

"Ziko humu humu ndani. Bado sijazitoa."

Mgambo wakacheka, mwalimu akacheka, na hata mwenyekiti, nasikitika kusema, alitabasamu. Mama alikuwa akijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na Kiswahili kile kilifanya jibu sahihi lionekane upuuzi. Alijaribu tena. Akanyoosha mkono kuonyesha kamba inavyopita. "Hii inatoka hapa, inapita kwa huyu, inakwenda kule. Na hii vile vile. Ngoja, mtaona."

"Hatuna muda wa kuona," katibu alisema. "Kuna viwanja thelathini. Amri ni nyumba ya kona nne, wewe unachora msonge, halafu unanieleza kona zimo ndani. Mwenyekiti, huyu aende mstari wa mwisho."

Mwenyekiti akakohoa. "Ndugu Katibu, babu wa huyu mtoto alikuwa mpimaji. Tumwache amalize, ni dakika chache."

Hapo ndipo mwalimu akaingilia. Nataka kuwa mkweli juu yake, ingawa sipendi: nadhani alitaka kutusaidia. Alisema, "Ndugu Katibu, binti yake ndiye wa kwanza darasani kwangu. Hebu tumwulize. Kama mama hajui, mtoto anajua." Akanigeukia. "Wewe. Mstatili ni nini?"

Nilisimama wima, mikono ubavuni, nikaimba. Nilikosa kupiga miguu tu.

"Umesikia, mama?" katibu akasema. "Pande. Pande nne. Hakuna duara hapo."

Mwalimu akaniuliza swali la pili, taratibu, akitabasamu, kwa namna ya mtu anayemfungulia mtoto mlango. "Sasa tuambie. Mstatili unatoka kwenye duara?"

Nilijua. Hapo hakuna wa kunitetea. Nilikuwa nimeweka daftari kwenye kona zile kwa mikono yangu, tena mara nyingi. Lakini nilimwona katibu na kalamu yake, nikauona mstari wa mwisho na kichaka chake, nikadhani nikijibu wanavyotaka watatuachia kiwanja. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba niliwaonea aibu mgambo waliokuwa wakimcheka mama, nikataka waone kwamba mimi si wa upande wake. Kwa miaka mingi nilijieleza ile ya kwanza tu.

"Hapana, mwalimu," nikasema.

Mama alikuwa ameshika mwisho wa kamba. Hakunitazama kwa hasira, heri angefanya hivyo. Alianza kuikunja kamba kwenye kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko, akaelekea kwenye kigingi cha katikati, akakitikisa, akaking'oa. Sikuwahi kumwona aking'oa kigingi kabla ya paa.

Kiwanja tuliachiwa. Katibu aliagiza shule ije kutupimia kwa utaalamu, iwe sehemu ya elimu ya kujitegemea. Jumatatu darasa la saba lote lilifika na majembe. Mwalimu alipima mbele hatua nane kwa kamba, nyuma nane, ubavu sita, ubavu sita. Kona alizikadiria kwa jicho, na jicho lake lilikuwa limezoea ubao. Alipomaliza alirudi nyuma akatazama kazi yake akiwa ameshika kiuno. Mama, ambaye alikuwa amesimama pembeni kama mgeni, akaingia, akavuta kamba kutoka kona hadi kona ya kukatisha, ikipita katikati ya nyumba, akafunga fundo. Akaipeleka kamba ile ile kwenye kona mbili nyingine. Ilipungua, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Akamwonyesha mwalimu.

"Hiyo haipimwi, mama," mwalimu alisema. "Zinazopimwa ni pande. Pande zimelingana."

"Imelala."

"Ukikandika itanyooka."

Wanafunzi wenzangu wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Na mimi nilichimba. Nilichimba kona ile iliyobana, ya nyuma kulia, na nikijua imebana.

Haikunyooka. Nyumba haijui kunyooka kwa kukandikwa. Majirani walipokuja kwa risaga, kazi ya kusaidiana ambayo malipo yake ni pombe ya mtama na mazungumzo, miti ya paa haikukubali kukutana mahali pake. Waliikata, wakaiunga, wakaikata tena. Wazee walitazama kuta, wakatazamana, wakanyamaza, kwa kuwa nyumba ilikuwa imepimwa na shule. Hilo lingali linaniudhi. Kila mmoja wao angeliona kosa lile kwenye boma la ng'ombe kutoka mlima wa pili. Lakini hii ilikuwa hesabu, na hesabu walikuwa wameambiwa si yao.

Mvua za kwanza zikaingia kwenye kona ile, na zikaendelea kuingia kila mwaka tuliokaa humo. Kitanda hakikukaa ukutani. Kilibakiza pengo la kupitisha paka. Mama aliipa kona ile jina. Aliiita Mwalimu. "Weka sufuria kwa Mwalimu, wingu linakuja." "Nani amemwaga maji? Ni Mwalimu." Wageni walicheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilijua, na sikuthubutu kucheka wala kulia. Juu ya jibu langu, mama hakusema kitu. Alinipikia, alinisuka nywele, aliuza mbuzi wawili nipate sare nilipofaulu kwenda sekondari. Nilisubiri anigombeze kama mtu anavyosubiri mvua apande, na hakunigombeza.

Chuo cha ualimu ndiko nilikokutana na jambo lenyewe, ukurasa wa kushoto, chini: pembe iliyo ndani ya nusu duara ni pembe mraba. Palikuwa na mchoro. Duara, mstari unaopita kitovu, na kona imekaa juu ya ukingo. Niliutambua papo hapo, ulikuwa uwanja wa kibanda chetu. Nikachukua penseli nikapiga hesabu ya kiwanja chetu. Kamba hatua tano, mbele hatua nane. Ubavu ulitakiwa utoke sita kamili, bila kupimwa, wenyewe. Nyumba ile ile ya katibu kata, hatua kwa hatua, ilikuwa imelala ndani ya duara la mama ikisubiri dakika kumi.

Nililia darasani kwa uchungu, na mkufunzi akadhani nimepata habari ya msiba.

Halafu nikaenda kufundisha, na nikafanya nini? Mwaka wangu wa kwanza nilichora mraba ubaoni umesimama kwa kona moja, nikamwuliza msichana mmoja wa darasa la tano ni umbo gani. Akasema, "Huo si mraba, mwalimu, mraba haukai hivyo." Nikamwambia amekosea, kaa chini. Nilikuwa nimefika kwenye dawati la pili niliposimama ghafla na kujisikia vibaya kabisa. Nani alimfundisha kwamba mraba lazima ukae chini umetulia? Sisi. Hatukuwahi kumwonyesha mwingine. Tunawafunga watoto macho kwa kitambaa, kisha tunaandika ripoti kwamba ni vipofu. Nilirudi, nikamwomba aje ubaoni ageuze kichwa, kisha nikamwuliza ameona nini na kwa nini. Alieleza vizuri kuliko mimi. Tangu siku ile mtoto akitoa jibu la ajabu simwambii amekosea mpaka nimwulize ameliona wapi. Hiyo ndiyo mbinu yangu yote ya kufundishia, sina nyingine, na hakuna semina iliyonipa.

Nilipopata mishahara kadhaa, ujamaa ukiwa umeanza kuchoka na bati likipatikana kwa kujuana, nilikusanya vya kutosha kumjengea mama nyumba ya matofali kwenye kiwanja kile kile. Nikamwita fundi kutoka Sirari, kijana aliyejifunza kazi ng'ambo ya mpaka. Aliahidi kufika saa mbili asubuhi. Saa nne hajafika. Mama akatoka ndani na kamba ya katani na kigingi, akapita mbele yangu, akaenda mahali pa wazi kando ya nyumba ya zamani, akaanza kupigilia.

Nilimfuata. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale zaidi ya miaka kumi, na niliyasema vibaya, kwa haraka. "Mama, siku ile nilijua. Niliposema hapana, nilijua. Nisamehe."

Aliendelea kupigilia mpaka kigingi kikasimama imara. Akakijaribu kwa mkono.

"Wewe waliuliza, ukajibu," akasema. "Ulikuwa mtoto. Mimi hawakuniuliza. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza." Akanipa mwisho wa kamba. "Shika. Usilegeze."

Tukazunguka. Nikapima mbele, yeye akavuta kamba kupitia katikati, nikapiga vigingi vya nyuma. Tulikuwa tumemaliza vyote vinne fundi alipofika na baiskeli, anahema, anaomba radhi. Aliona duara, akaona vigingi, akakunja uso. Lakini alikuwa fundi kweli, si mtu wa wimbo. Alitoa futi ya chuma akapima pande, kisha, bila kuambiwa, akapima kona kwa kona ya kukatisha. Akapima ile nyingine. Akarudia ya kwanza. Akachuchumaa kwenye kona ya nyuma kulia na kuweka pembe yake ya chuma, akakaa pale muda, akainuka akija kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimevaa saa.

"Madamu, hii iko sawa kabisa," akasema. "Mimi huhangaika nayo nusu siku. Mmepima aje na hii kamba moja? Umesomea wapi hii?"

Mama alikuwa ameinama anakunja kamba kwenye kiwiko, kama siku ile.

"Usiniulize mimi," nikamwambia. "Mwulize mama."

Fundi akageuka, akavua kofia. "Shikamoo, mama. Hii umefanya aje?"

Mama akaacha kukunja. Alimtazama kijana yule kitambo, akanitazama na mimi, kisha akaifungua kamba yote tena mpaka chini.

"Marahaba, mura," akasema, akimwita kijana kwa lugha yetu. "Njoo usimame hapa katikati."